Dawa ya malaria iliyotoka kwenye jani la Uchina, na yanayotuhusu watu wa Pwani

Mgonjwa akipimwa na kukutwa na malaria Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, au Kuria, kaunti ya Migori, hupewa vidonge vya AL. Mgonjwa wa Msambweni au Ganze naye hupewa vidonge hivyo hivyo, ambavyo wengi wetu tunaviita Coartem. Ndani yake mna dawa mbili, atemetha na lumefantrini. Atemetha asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga ambao Wachina huuita qinghao, na ambao waganga wao wameutumia kwa karne nyingi.

Mwaka 1967 serikali ya Uchina iliwakusanya wataalamu watafute dawa ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mmoja wao, mwanamama Tu Youyou, alipekua vitabu vya tiba vya kale. Katika kitabu cha Ge Hong, mganga wa karne ya 4, alikuta maelekezo ya kuloweka qinghao katika maji, kuikamua na kunywa maji yake. Hapakutajwa kuchemsha. Tu Youyou akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa, akatumia etha, ambayo huchemka kwa nyuzi 35 hivi tu, kuitoa kwenye majani. Oktoba 1971 majaribio kwa wanyama yalifaulu, na mwaka uliofuata kiini chenyewe, atemisinini, kikapatikana. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na wenzake wawili.

Kenya iliamua kutumia AL mwaka 2004, na vituo vya afya vikaanza kuitoa 2006, baada ya klorokwini na kisha Fansidar kuzidiwa nguvu na vimelea. Hapa kwetu Kilifi ni miongoni mwa vituo vya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9 za Afrika kwa watoto 5,425 waliolazwa na malaria kali. Matokeo yalitolewa 2010: waliodungwa sindano ya atesuneti, ambayo pia hutokana na qinghao, walikufa wachache kuliko waliotibiwa kwa kwinini, kwa tofauti ya asilimia 22.5.

Kanda ya Ziwa ndiyo inayoumia zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulikuta vimelea kwa asilimia 19 ya watoto waliopimwa huko, na asilimia 5 kwenye ukanda wetu wa Pwani. Ndiyo maana nyumba za Migori zilinyunyiziwa dawa ya mbu mwaka 2017 na za Homa Bay 2018, na chanjo ya malaria ikazinduliwa nchini huko Homa Bay tarehe 13 Septemba 2019. Pamoja na hayo yote, aliyekwisha kuugua bado anategemea AL.

Hapo ndipo penye hatari. Kuna watu wanaouza majani makavu ya mmea huu wa Kichina wakisema chai yake inatosha. Shirika la Afya Duniani (WHO) halikubaliani nao, na mwaka 2019 lilieleza tena kwa nini. Kiasi cha dawa kwenye majani hubadilika kwa mbegu, udongo na jinsi yalivyokaushwa, na mnywaji hawezi kujua amepata kiasi gani. Pia atemisinini hutoka mwilini kwa saa chache. Kwenye vidonge, lumefantrini hubaki kwa siku kadhaa na kumaliza vimelea vilivyosalia. Mnywa chai hana msaidizi huyo: homa inashuka, vimelea vinabaki, na mtoto anaweza kuzidiwa ghafla.

Vimelea vinavyosalia baada ya dozi hafifu ndivyo vinavyopata nafasi ya kuizoea dawa. Tayari vimelea vinavyochelewa kufa kwa atemisinini vimeripotiwa Rwanda, Uganda na Tanzania, na Migori inapakana na Tanzania.

Mwarobaini wetu, ambao karibu kila mtaa wa Pwani unao, ni mti mwingine kabisa na hauna atemisinini. Usichukuliwe kuwa badala ya vidonge.

La kufanya ni hili. Homa ikianza, pima kwanza, kwa maana si kila homa ni malaria. Ukikutwa nayo, meza dozi 6 kwa siku 3: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mgonjwa, kwa hivyo mtoto asigawiwe vya mtu mzima. Meza pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, maana lumefantrini huingia mwilini vizuri kwa mafuta. Ukitapika kabla ya nusu saa, rudia dozi hiyo. Usiache vidonge viwili vitatu kabatini kwa ajili ya safari ijayo. Na mtoto akishindwa kunyonya, akipata degedege au akilegea, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.