Nani Alitunza Sauti ya Gitaa? Rumonge, Ziwa na Pedali

Historia ya muziki wa gitaa kandokando ya Ziwa Tanganyika huandikwa kwa kufuata waimbaji, na mara nyingine kwa kufuata bendi. Naamini ipo njia ya tatu inayofafanua mengi zaidi, nayo ni kuuliza sauti ya gitaa ilikuwa ikitunzwa na nani. Leo mpiga gitaa anaweza kuandaa sauti kadhaa akiwa nyumbani, moja nyororo ya kusindikizia ubeti, nyingine kali ya solo, nyingine yenye mwangwi wa wakati wa maombi, akazihifadhi ndani ya mashine, kisha jukwaani akaziita moja baada ya nyingine kwa kukanyaga swichi. Anayeitazama pedali hiyo Rumonge au Nyanza-Lac, katika pwani ya Burundi, huiona kuwa kifaa kipya kilichokuja kumrahisishia kijana mambo. Hoja yangu ni kwamba kazi yenyewe ni ya zamani na mshikaji wake ndiye mpya. Enzi za okestra ilikuwa mikononi mwa kundi la watu, na juu yao alikuwapo mwenye vyombo. Sasa imeingia katika mkoba wa mpiga gitaa mmoja.

Pingamizi la kwanza ni la mahali. Msomaji ataniambia kwamba Burundi ni nchi ya ngoma, na kwamba ngoma za kifalme ndizo zilizoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2014. Gitaa la Rumonge limetoka wapi? Limetoka ziwani. Mji huu, ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, umeuelekeza uso wake majini kwa muda mrefu kuliko ulivyouelekeza milimani. Wafanyabiashara wa Ujiji, enzi za Mohamed bin Khalfan aliyeitwa Rumaliza, waliijua vizuri pwani hii, na hadi leo Rumonge ina mtaa uitwao Swahili. Mafuta ya mawese na ndagala wakavuka kwenda ng'ambo, na mitindo ikavuka kurudi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata reli ya upande wa Kongo ikafika Albertville, ndiyo Kalemie ya sasa. Tangu hapo ziwa likawa kiungo kati ya migodi ya Katanga na Bahari ya Hindi, na gitaa ni mzigo mwepesi kwa mtu anayesafiri kutafuta kazi. Ngoma za ikulu ni urithi wa Burundi yote, sibishi. Lakini anayetaka kuelewa masikio ya watu wa pwani hii lazima ahesabu pia Lubumbashi, Kigoma na Dar es Salaam, kwa sababu mawimbi ya redio hayakusimama mpakani.

Katika Katanga hiyo, mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Bosco alipiga gitaa lisilo la umeme kwa kidole gumba na kidole cha shahada, na kwa vidole hivyo viwili akatoa besi na wimbo kwa pamoja. Hapa mtunzaji wa sauti ni mkono. Rangi ya sauti hubadilika kwa namna uzi unavyofungwa, kwa mahali mkono wa kulia unapogusa nyuzi, kwa nguvu ya kucha. Aliyetaka kupiga kama Bosco alilazimika kuubeba mkono wa Bosco katika mkono wake mwenyewe, jambo lililochukua miaka.

Gitaa la umeme lilivunja mpango huo. Sauti ikatoka mkononi ikaingia katika amplifaya, ambayo hurekebishwa kwa mkono, na mkono wa mpigaji tayari una kazi. Okestra za Léopoldville, OK Jazz ikiwamo tangu ilipoanzishwa mwaka 1956, zilifikia hatua kwa hatua suluhisho ambalo baadaye Afrika Mashariki nzima ililichukua: kugawanya gitaa kwa watu. Mmoja akapiga ridhimu, mmoja solo, mmoja mi-solo katikati yao, na mwingine besi. Kila mmoja aliweka sauti yake mwanzoni mwa usiku akaiacha hivyo. Wimbo ulipofika kwenye sebene, sehemu ya kucheza inayotawaliwa na magitaa, hakuna aliyegusa chochote kwenye amplifaya. Mtu mwingine aliingia, na rangi ya muziki ikageuka. Waliohifadhi sauti walikuwa watu waliosimama jukwaani, na kiongozi aliwaita kwa jicho au kwa kichwa.

Mjuzi wa muziki huu atapinga hapa, na pingamizi lake ni zito. Atasema mi-solo ilibuniwa ili nyimbo mbili za gitaa zisukwe pamoja, wala haikuhusu rangi ya sauti. Nakubali kwamba kusuka ndilo lililokuwa lengo la watungaji. Ila mgawanyo ukishakuwapo hubeba kazi zaidi ya ile uliyokusudiwa, na vyombo vyenyewe viliulazimisha kuibeba. Amplifaya nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa na matundu mawili au zaidi ya kuchomekea, na wapiga gitaa wawili wakichomeka katika chaneli moja, anayegeuza sauti yake katikati ya wimbo anaigeuza pia ya mwenzake. Dar es Salaam, Radio Tanzania ilirekodi bendi zikipiga zote kwa pamoja, bila nafasi ya kuongeza gitaa jingine baadaye. Katika hali hiyo, aliyetaka sauti tatu alihitaji watu watatu.

Na watu hao hawakuwa na vyombo. Hili hupitwa haraka na waandishi wa historia ya dansi, ilhali kwangu ndilo kiini. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilipiga kwa vyombo vya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, baadaye ikawa ya DDC, shirika la jiji la Dar es Salaam. Bujumbura, okestra Amabano ilikuwa chini ya redio ya taifa. Mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park walipohamia Orchestra Safari Sound, vyombo vya DDC vilibaki kuwa vya DDC. Mpiga gitaa aliondoka na ufundi wa vidole vyake. Mengine aliyakuta kwa mwajiri mpya, akaanza upya kutafuta sauti yake katika mashine ya mtu mwingine.

Utunzaji wa aina hii una udhaifu mkubwa, na hakuna mahali palipouona kwa uchungu kama pwani ya Burundi. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianzia kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza, ukafuatwa na mauaji ya kulipiza yaliyoenea nchi nzima. Waliookoka kutoka pwani hii walikimbilia Tanzania kwa maelfu, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Sauti iliyotunzwa katika vichwa vya watu wanne haibaki sauti hiyo mmoja akiuawa, wawili wakiwa Tabora na mmoja Uvira, upande wa Kongo. Waliojaribu kuijenga tena walikuwa wanakwaya. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden walikuwa wamefungua kituo Kiremba, katika milima ya Bururi inayoitazama pwani, mwaka 1935, nao walitoka katika kanisa ambalo kwao kikundi cha magitaa kilikuwa sehemu ya kawaida ya ibada. Kutoka makazi ya Ulyankulu ikatokea kwaya ya Barabara ya 13, ambayo wasikilizaji wa Tanzania waliijua kwa magitaa yake kabla ya kujua kwamba chimbuko lake ni wakimbizi wa Burundi. Warundi waliporejea kwa wingi kuanzia mwaka 2008, walirudi pia na masikio yaliyolelewa na kwaya za namna hiyo.

Mashine nazo zilikuwa zikisogea. Pedali ya Maestro Fuzz-Tone ya mwaka 1962 iliupa mguu kazi moja tu, kuikwaruza sauti au kuiacha. Kumbukumbu ilikuja miaka ya 1980. Mwaka 1983 kampuni za vyombo zilikubaliana juu ya MIDI, lugha ya vyombo vya muziki kuwasiliana, na ndani yake mlikuwa na amri fupi ya kuita moja kati ya sauti 128. Tangu hapo pedali ya kuongoza haikuhitaji kupitisha sauti yoyote. Hutuma namba, na mashine iliyohifadhi mipangilio ndiyo hujibu. Visanduku vya bei nafuu kama Zoom 505 vya miaka ya 1990 vilikusanya pedali na kumbukumbu pamoja, vikafika kwa wapigaji ambao hawakuwahi kumiliki amplifaya. Mwenye kisanduku hicho huchomeka katika spika yoyote, kanisani au harusini, Rumonge au Uvira, na sauti yake hufika pamoja naye.

Ushahidi ulio karibu zaidi na hoja yangu ni namna sauti hizo zinavyopangwa. Anayehifadhi sauti moja kwa kila wimbo hukwama ibadani, kwa kuwa mchungaji akirefusha pambio au kurukia wimbo mwingine, mpangilio wote unavurugika. Mpangilio unaostahimili ni wa kazi: ya kusindikiza, ya katikati, ya sebene, ya maombi, zote zikiwa zimesawazishwa ukubwa wa sauti ili solo isizame wala isiwapasue watu masikio, na swichi ya sebene ikiwa pale mguu unapofika bila kutazama. Ni ridhimu, mi-solo na solo za okestra, zimelazwa chini kwa mstari.

Wapo wanaosema mashine imefanya magitaa yote yalie sawa, kwa kuwa wengi hutumia sauti za kiwandani bila kuzigusa. Lawama hiyo ina ukweli, ingawa uigaji haukuanzia hapo. Bendi nyingi za ukanda huu zilijifunza kwa kumwiga Franco wa OK Jazz au Nico Kasanda, wapiga solo wa Kongo. Linalonitia wasiwasi zaidi ni jingine. Sauti iliyo katika kisanduku kimoja hufa na kisanduku hicho, kikiibwa au kikiingiwa na maji ya mvua, na mara hii hakuna mpigaji mwenza jukwaani aliyekuwa akiikumbuka. Kanda za Radio Tanzania zilidumu kwa sababu taasisi ilizitunza. Kwaya za Rumonge, Minago na Nyanza-Lac tayari zina madaftari ya nyimbo; ziongeze humo ukurasa wa sauti za gitaa, namba kwa namba, pamoja na jina la aliyezitengeneza na mwaka, na nakala moja ibaki kwa mwalimu wa kwaya.