Sufu ya Kondoo Wahamao

Mwaka 1273 Mfalme Alfonso wa Kumi wa Castilla, katika nchi ya Hispania, alikithibitisha chama cha wafuga kondoo kiitwacho Mesta. Kila mwaka makundi yao yalishuka kusini kuikimbia baridi, yakarejea milimani kaskazini wakati wa joto. Mkulima aliyepakana na njia zao hakuwa na ruhusa ya kuzilima. Haki yake ilitolewa kafara kwa ajili ya sufu, na wengi waliamini kuwa mwendo ule mrefu ndio ulioilainisha.

Mwaka 1765 kondoo wa Hispania, aina ya merino, walipelekwa Saxony, Ujerumani. Huko hawakuhama tena mwendo mrefu. Wafugaji waliteua madume wenye sufu bora, wakawatenga walio hafifu. Katika karne ya 19 sufu ya Saxony iliipita ya Hispania kwa ulaini. Ikadhihirika kuwa siri ilikuwa katika mbegu na uteuzi, si katika safari. Mesta ikavunjwa mwaka 1836.

Basi, msomaji, kabla mtu hajanyimwa haki yake kwa ajili ya faida ya nchi, yapasa kwanza chanzo cha faida hiyo kichunguzwe.