Hatamu Iliyolegea: Farasi Mwepesi kutoka Andalusia hadi Oklahoma

Katika mashindano yaitwayo reiningi, mpanda farasi huingia uwanjani peke yake, na hatamu yake huning'inia bila kukazwa. Farasi hukimbia duara kubwa kwa kasi na duara dogo polepole, hubadili mguu unaotangulia bila kukatiza mwendo, huzunguka papo hapo kama pia akiwa ameukita mguu mmoja wa nyuma, kisha hutimka mbio ndefu na kusimama ghafla, miguu ya nyuma ikiteleza mchangani ilhali ya mbele ingali inatembea. Kila mshindani huanza na alama 70. Kitendo kilichofanywa vizuri humwongezea hadi alama moja na nusu, na kilichofanywa vibaya humpunguzia kiasi hicho hicho. Kanuni iliyo juu ya nyingine zote ni kwamba farasi aongozwe kwa hiari yake, bila kuonekana akipinga. Mnyama mwenye uzito wa kilo mia kadhaa alifikaje mahali pa kuitii kamba iliyolegea?

Wengi wetu Afrika Mashariki hatukukulia karibu na farasi, kwa kuwa mbung'o na maradhi viliwazuia wanyama hawa kuenea sana kwetu, basi inafaa tuanze na mwili wake. Kati ya meno ya mbele na magego ya farasi kuna nafasi tupu ya ufizi, na humo ndimo chuma cha lijamu kinamokaa. Ufizi huo ni mwepesi kuhisi, na vivyo hivyo mfupa wa pua na ngozi ya mbavu. Mpandaji akigusa mojawapo ya sehemu hizo, farasi hutafuta namna ya kuondokana na mguso huo. Akijaribu jambo sahihi, mkono ukalegea mara moja, atalikumbuka. Mkono ukiendelea kuvuta hata baada ya kutii, atajifunza kwamba kutii hakuna faida, naye atakaza shingo na kuegemea chuma. Kuvutwa humwuliza farasi swali, na kuachiwa ndiko kunakompa jibu. Ndiyo maana ulaini wa farasi hauletwi na chuma laini peke yake, bali na mkono unaojua wakati wa kuacha, na wakati huo hujulikana kwa subira.

Wapo wanaosema kwamba mafunzo haya yalitoka vitabuni. Wanamtaja Xenophon, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyeandika kitabu juu ya upandaji farasi na kufundisha humo kwamba farasi asilazimishwe kwa ukali. Ni kweli aliandika hivyo. Lakini nasaha hiyo imekuwapo kwa zaidi ya miaka 2,300, na katika muda wote huo farasi wasiohesabika wameendelea kuvunjwa moyo kwa viboko na vyuma. Nasaha peke yake haielezi kwa nini ulaini ulistawi mahali fulani na kufifia kwingine. Inatubidi tutazame kazi iliyofanywa na farasi, na muda ambao wenye farasi walikuwa nao.

Kazi hiyo inaanzia Hispania. Mwaka 711 majeshi ya Waislamu yalivuka bahari kutoka Afrika Kaskazini, na katika karne zilizofuata wapanda farasi wa Kiberberi, hasa wa kabila la Zenata, walileta mtindo ulioitwa jineta. Mpandaji alikaa juu ya tandiko jepesi, vikuku vya miguu vikiwa vifupi, akashika hatamu kwa mkono mmoja na silaha kwa mwingine. Alishambulia, akageuka, akakimbia, akarudi. Wapiganaji wa Kikristo walikuwa na mtindo wao uitwao brida, wa miguu iliyonyooka, mavazi mazito ya chuma na shambulio la moja kwa moja. Vita virefu vya mpakani viliwafundisha kwamba farasi anayegeuka haraka ni bora kuliko farasi mzito, nao wakaujifunza ule mtindo wa wapinzani wao. Mkono mmoja tu wa kuongozea: hilo ndilo sharti lililoizaa sanaa yote inayofuata, na lilitokana na uhitaji wa vita.

Granada ilipoangushwa mwaka 1492, vita hivyo vilikwisha, na ujuzi ukavuka Bahari ya Atlantiki. Hernán Cortés alitua Meksiko mwaka 1519 na farasi 16. Ng'ombe walifuata, wakaongezeka mno katika nyanda pana, na pale ambapo mkono wa pili ulikuwa umeshika mkuki sasa ulishika kamba ya ngozi. Wachungaji hao wa farasini waliitwa wavakero. Sheria za Wahispania ziliwakataza wenyeji kupanda farasi, lakini mashamba yalihitaji watu, na sheria ikashindwa na haja. Kuanzia mwaka 1769, wamisionari Wafransisko walipoanza kujenga misheni zao California, wachungaji walikuwa kwa sehemu kubwa wenyeji wenyewe, waliofundishwa kazi hiyo chini ya amri za misheni ambako hawakuwa watu huru. Wapenzi wa sanaa hii wanapaswa kulikumbuka jambo hilo, kwa sababu mara nyingi sifa hupewa wenye ardhi huku mikono iliyowafunza farasi ikisahauliwa.

California ndipo ulaini ulipofikia kilele chake. Baada ya mwaka 1833 serikali ya Meksiko iliamuru misheni ziondolewe mikononi mwa mapadri, na ardhi nyingi ikaangukia familia chache zenye mashamba makubwa ajabu. Biashara yao ilikuwa ngozi na mafuta ya ng'ombe, yaliyouzwa kwa meli zilizotoka Boston. Biashara hiyo haikuwa na haraka. Ng'ombe walijilisha wenyewe, majira ya baridi hayakuwa makali, wafanyakazi walilipwa kidogo au hawakulipwa, na farasi walikuwa wengi kupindukia. Hivyo mvakero aliweza kumpa farasi mmoja miaka kadhaa.

Mafunzo yenyewe yalikwenda kwa hatua. Farasi mchanga hakutiwa chuma kinywani. Alivishwa hakima, yaani hatamu isiyo na lijamu, ambayo sehemu yake kuu ni bosali, pete ya ngozi mbichi iliyosukwa na kuzunguka pua. Nyuma yake ilifungwa kamba nene ya nywele za farasi, ikawa ndiyo hatamu. Nywele hizo huchoma kidogo shingoni, kwa hiyo farasi huhisi kamba inapokaribia kabla hajavutwa, na taratibu hujifunza kugeuka kwa kuguswa shingo tu. Baada ya muda mrefu alivishwa bosali nyembamba pamoja na lijamu, akiwa na hatamu mbili kwa wakati mmoja. Mwanzoni lijamu ilibebwa tu bila kutumika, farasi akazoea kuishika kwa ulimi wake. Kisha kazi ilihamishwa kidogo kidogo kutoka puani kwenda kinywani. Mwisho wa safari alibaki na lijamu peke yake, na lijamu hiyo ilikuwa na bapa refu la chuma linaloinuka kuelekea kaakaa.

Mgeni akiiona lijamu hiyo huiita chombo cha mateso, na hakosei kabisa, kwa kuwa katika mkono mzito inaweza kujeruhi. Lakini mvakero aliitumia kwa farasi ambaye tayari alikuwa ameelewa kila kitu kwa pua na shingo. Uzito wa hatamu zenyewe ulitosha kuisogeza kidogo, na msogeo huo ulikuwa ishara tosha. Je, walifanya hivi kwa huruma? Simulizi za baadaye hupenda kuwaonyesha kama watu wapole waliompenda farasi kuliko nafsi zao. Naona maelezo hayo hayatoshi, kwa sababu watu hao hao waliendesha farasi wengine kwa vyuma vikali vya visigino, na miaka ya ukame waliwaua farasi wa porini kwa makundi ili kuokoa malisho. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba walikuwa na muda, na kazi yao ilidai ustadi. Mvakero hakuifunga kamba yake kwenye tandiko. Aliizungusha kwenye pembe ya tandiko baada ya kumnasa ng'ombe, akailegeza au kuikaza kadiri ya uzito. Kazi hiyo inahitaji mkono huru na farasi anayejua asimame wapi. Fahari nayo ilichangia, kwani farasi aliyekamilika alikuwa heshima ya bwana wake mbele ya watu.

Texas ilifuata njia nyingine. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha mwaka 1865, ng'ombe wa Texas walikuwa bei ya chini nyumbani na bei ya juu kaskazini. Kuanzia mwaka 1867 waliswagwa hadi kituo cha reli cha Abilene, Kansas. Kauboi aliajiriwa kwa msimu, akapanda farasi wa tajiri, tena akibadilisha kadhaa kwa zamu. Farasi alifunzwa kwa siku chache, mara nyingi kwa kupandwa mpaka achoke kurukaruka. Hakuna aliyelipwa kwa kumsubiri. Tusiseme watu wa Texas walikuwa wakatili kwa asili. Bei ya muda wao ndiyo iliyokuwa tofauti.

California yenyewe haikudumu. Ilichukuliwa na Marekani mwaka 1848, dhahabu ikaleta umati wa watu, na mafuriko ya 1861 na 1862 yakifuatwa na ukame hadi 1864 yakaangamiza mifugo. Mashamba makubwa yakagawanyika, na ujuzi wa hakima ukasogea kwenye nyanda kavu za Nevada na Oregon mashariki, ambako makauboi waliuhifadhi. Huko Oregon walizaliwa wafunzaji farasi Bill Dorrance, mwaka 1906, na nduguye Tom, mwaka 1910. Tom, pamoja na mwanafunzi wake Ray Hunt, waliwafundisha Wamarekani wengi kwamba farasi asomwe kabla ya kuamriwa, na mafunzo yao yalienea sana katika robo ya mwisho ya karne ya 20.

Wakati huo farasi alikuwa ameshaanza kuhama kutoka malishoni kwenda uwanjani. Chama cha farasi wa aina ya Quarter Horse kiliundwa Fort Worth mwaka 1940, na chama cha kitaifa cha reiningi kikaundwa Ohio mwaka 1966. Mwaka huo huo yalifanyika mashindano ya kwanza ya Futurity, na Dale Wilkinson akashinda juu ya farasi Pocorochie Bo. Mwaka 1986 mashindano hayo yalihamia Oklahoma City.

Hapa ndipo pana tatizo ambalo, kwa maoni yangu, halijatatuliwa. Kanuni za reiningi zinasifu kile alichokijenga mvakero: hatamu legevu na farasi asiyepinga. Lakini Futurity ni ya farasi wa miaka mitatu, ambao kwa kawaida huanza kufunzwa wakiwa na miaka miwili, na zawadi zake kwa jumla zimevuka dola milioni 1. Kanuni zinadai matunda ya subira, na fedha zinayadai mapema. Mfunzaji hodari huweza kuyapatanisha mawili hayo kwa kuchagua farasi wa ukoo unaofaa, kufupisha kila somo na kuachia haraka. Mfunzaji mwenye pupa huvuta kichwa cha farasi hadi kifuani, akarudia zoezi mpaka mnyama anyamaze, na kwa mtazamaji wa mbali unyamavu huo hufanana na ulaini.

Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilipokea reiningi mwaka 2000. Miaka miwili baadaye mchezo huo uliingia katika Michezo ya Dunia ya Farasi huko Jerez, Andalusia, nchi ile ile ya jineta, na Shawn Flarida wa Marekani akashinda. Mwaka 2006 Stacy Westfall alionyesha reiningi akiwa juu ya mgongo mtupu wa farasi jike, bila tandiko wala hatamu, na jike lile likazunguka, likasimama na kuteleza kwa ishara za mwili na sauti tu. Onyesho hilo lilithibitisha kwamba ulaini wa kweli unawezekana hata katika zama za zawadi kubwa.

Hata hivyo FEI na vyama vya Marekani vilivunja ushirikiano mwaka 2018, na miongoni mwa mambo waliyokosania ni umri wa farasi, usimamizi na matumizi ya dawa. Mwaka 2021 shirikisho hilo liliiondoa reiningi katika michezo yake. Futurity inaendelea Oklahoma City, na umri unaotakiwa ni ule ule wa miaka mitatu. Nevada na Oregon bado wapo wachunga ng'ombe wanaoanza na hakima, wakapitia hatamu mbili, na ambao farasi wao hukamilika akiwa amevuka umri huo kwa miaka kadhaa.