Habari za Walioachwa Nyuma

Kazi ya mwalimu kila asubuhi huanza kwa daftari la majina. Mtoto ambaye jina lake halimo, hata akiwa ameketi mbele yangu na kalamu mkononi, kwa hesabu ya shule hayupo. Jambo hili lilinirudia moyoni nilipokuwa nikisoma habari za majeshi yaliyorudi kwao baada ya vita, na za wale walioachwa nyuma. Nalitazamia kukuta hofu na haraka tu. Hofu ilikuwako, na haraka pia. Walakini mara nyingi neno la kuamua nani apande na nani abaki lilikuwa limekwisha kuandikwa siku nyingi, na karani aliye mbali na mizinga.

Na tuanze na mbwa, maana kisa chao ni chepesi kufahamika. Katika vita ya Vietnam jeshi la Marekani lilitumia mbwa wapatao 4,000. Wengine walilinda viwanja vya ndege na maghala usiku. Wengine walitangulia mbele ya askari porini, wakinusa waviziaji, na mabomu yaliyofukiwa, na nyuzi zilizotegwa njiani. Na wengine, wa jamii ya Labrador, walifuata nyayo za adui. Kila mbwa alikuwa na askari wa kumwongoza, na namba yake ilichanjwa ndani ya sikio la kushoto.

Mmoja wao, Nemo, namba A534, alipigwa risasi katika uwanja wa Tan Son Nhut mwezi wa Desemba 1966, akapoteza jicho. Juu ya hayo alitambaa mpaka kwa askari wake, Robert Throneburg, aliyekuwa amelala chini na majeraha, akamfunika kwa mwili wake. Nemo alirudishwa Marekani mwaka 1967, akatunzwa huko hata akafa mwaka 1972.

Bahati ya Nemo haikuwa ya wengi. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Paris tarehe 27 Januari 1973, na askari wa mwisho wa Marekani wa kupigana wakaondoka tarehe 29 Machi. Katika mbwa wale wote waliorudi ni kama 200 tu. Wengine walikufa vitani au kwa maradhi. Wengine walikabidhiwa jeshi la Vietnam ya Kusini. Na wengine waliuawa kwa dawa na madaktari wa wanyama wa jeshi lile lile walilolitumikia. Ilisemwa kwamba wana ugonjwa wa damu uletwao na kupe, na kweli ugonjwa huo ulikuwako. Lakini chini ya sababu hiyo ilikuwako nyingine: katika vitabu vya jeshi mbwa alihesabiwa pamoja na vifaa, kama hema na sufuria, na kifaa kilichokwisha kazi hakilipiwi nauli. Sheria ya kuwaruhusu askari na watu wengine kuwachukua mbwa wa jeshi waliostaafu ilitiwa sahihi na Rais Bill Clinton mwezi wa Novemba 2000.

Kwetu jina la mbwa ni tusi, na labda yuko msomaji anayecheka. Asicheke upesi, na atazame watu nao walitendewaje.

Tarehe 29 Aprili 1975, majeshi ya Kaskazini yakiwa mlangoni mwa Saigon, redio ya Waamerika ilipiga wimbo wa Krismasi kati ya siku za joto kali. Ilikuwa ishara ya kuondoka. Helikopta zikachukua watu wapatao 7,000 mpaka manowari zilizongoja baharini. Katika ua wa ubalozi, Kapteni Stuart Herrington, aliyejua lugha ya wenyeji, aliwaahidi waliongoja kwamba hapana atakayeachwa. Aliahidi kwa moyo safi. Usiku ikaja amri ya kwamba helikopta zilizobaki ni za balozi na Waamerika tu. Herrington aliwaambia watu ndege yao inakuja, akajisingizia haja ndogo, akaingia gizani, akapanda juu ya paa. Habari hii ameisimulia mwenyewe, wala hakuificha aibu yake. Waliobaki uani walikuwa watu 420, na miongoni mwao wazimamoto wa ubalozi pamoja na jamaa zao, waliokaa mpaka mwisho ili helikopta zitue salama. Hesabu yao inajulikana sana, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuhesabiwa na kupangwa tayari kwa safari.

Sasa tuvuke miaka arobaini na sita, twende Afghanistan. Wataliban waliingia Kabul tarehe 15 Agosti 2021, na ndege ya mwisho ya Marekani iliruka tarehe 30 Agosti, dakika moja kabla ya saa sita ya usiku. Watu zaidi ya 120,000 walichukuliwa. Siku zile picha za mbwa katika vizimba zilienea duniani, watu wakapiga kelele kwamba jeshi limewatupa mbwa wake tena. Jeshi likajibu kwamba wale si mbwa wake, bali wako chini ya chama cha kutunza wanyama mjini Kabul. Chama nacho kilieleza kwamba wengi wao walikuwa wa makampuni yaliyoajiriwa kwa ulinzi. Angalia basi: wa Vietnam waliachwa kwa kuwa waliandikwa kuwa vifaa, na hawa kwa kuwa hawakuandikwa kabisa.

Tarehe 28 Agosti Mwingereza mmoja, Pen Farthing, aliyekuwa askari, alisafiri na mbwa na paka zaidi ya 150 kwa ndege ya kukodi. Watumishi wake Waafghani walikuwa wamezuiwa njiani. Walivuka kwenda Pakistan baadaye. Mbunge wa Uingereza, Tom Tugendhat, alisimulia kwamba mkalimani mmoja alimwuliza kwa nini mtoto wake wa miaka mitano ana thamani ndogo kuliko mbwa. Swali lile lilinichoma. Ila naona lingeulizwa kwa wenye daftari kuliko kwa mwenye mbwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 iliwaahidi Waafghani waliolitumikia jeshi hati ya kuhamia kule, lakini kila mmoja alete barua ya msimamizi wake wa kazi. Msimamizi alikuwa amerudi kwao zamani. Kampuni iliyomwajiri mtu pengine imefungwa. Maelfu walikuwa wangali wakingoja majibu mji ulipoanguka.

Liko jambo jingine moja. Frank Snepp, aliyekuwa mpelelezi wa Marekani mjini Saigon, aliandika mwaka 1977 kwamba Waamerika waliondoka wakaziacha karatasi zenye majina ya wenyeji waliowasaidia, zikaangukia mikononi mwa adui. Kabul walijihadhari na kosa hilo. Makarani wa ubalozi waliamriwa kuharibu karatasi zote za siri, wakaziharibu. Na pamoja nazo ziliharibiwa pasi za Waafghani waliokuwa wamezipeleka hapo kwa kuombea hati. Wenye pasi hizo walikuwa wangali mjini, wakingoja kuitwa.