Kile kimstari cha kwenye kadi ya kliniki

Ndugu zangu wapendwa, nawaandikia kutoka Leicester. Najua nimekuwa kimya. Mtoto mchanga ndani ya nyumba hana likizo.

Wiki iliyopita nesi alimpima mtoto wetu uzito, akaweka nukta kwenye kitabu chekundu wanachopewa wazazi huku. Nikacheka. Mama bado ana kadi yangu ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni, sandukuni pamoja na kanga zake. Nilidhani kadi zile zilibuniwa huku Ulaya. Kumbe sivyo.

Kugeuza hesabu kuwa mstari ni jambo la zamani. Mwaka 1786 Mskochi William Playfair alichapisha London kitabu cha grafu za biashara: miaka chini, pesa pembeni, na papo hapo unaona bidhaa zinapanda au zinashuka.

Lakini kadi ya kliniki ina mizizi Nigeria. Miaka ya 1950 daktari Mwingereza, David Morley, alifanya kazi Ilesha na kijiji cha Imesi. Alitengeneza kadi yenye miezi chini, kilo pembeni, na mistari miwili inayopanda kama kingo za barabara. Akaiita njia ya afya. Kubwa zaidi, kadi haikufungiwa kabatini hospitali. Mama alikabidhiwa aitunze mwenyewe. Hata asiyejua kusoma aliona kama mstari wa mwanawe unapanda, umelala au unashuka. Kadi za namna hiyo zikaenea nchi nyingi, mpaka zahanati zetu.

Sasa nije kwako, mdogo wangu. Juzi kwenye simu uliniambia mtoto hajapelekwa kliniki miezi mitatu, eti "mbona mnene tu". Kilo nane peke yake haisemi kitu. Kama alikuwa na kilo nane akiwa na miezi saba, na akifika miezi kumi bado ni nane, mstari umelala, hapo kuna jambo. Wewe unayemwona kila siku huwezi kugundua kwa macho. Mstari hulala kabla mashavu hayajapungua.

Basi Jumatatu mpeleke, na kadi usiisahau. Mama, tafadhali mkumbushe. Nauli nimeshatuma.

Nawapenda wote. Wasalaam.