Faharasa ipi yafaa hifadhidata? Jibu lategemea swali

MSIMU wa upanzi unapowadia Moiben, Kaunti ya Uasin Gishu, kila siku ya kungoja ni hasara kwa mkulima wa mahindi au ngano.

Mwaka wa 2023 serikali ya Kenya ilipoteremsha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi Sh2,500, mkulima alihitaji kwanza kuwa katika sajili ya wakulima ndipo auziwe.

Sajili kubwa kama hiyo huhitaji hifadhidata, ambayo aghalabu huwa ya majedwali yanayohusiana, muundo uliopendekezwa na Edgar Codd mwaka wa 1970.

Tuchukue mfano wa jedwali la wakulima 1,000,000. Karani akitafuta nambari moja ya kitambulisho bila faharasa, huenda kompyuta ikapitia mistari yote. Faharasa, kama ile ya mwishoni mwa kitabu, humwelekeza mahali penyewe. Hata hivyo, si kila faharasa hujibu kila swali.

Inayotumika zaidi ni ya mti-B, uliobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa wakifanyia kazi kampuni ya Boeing. Funguo zake hupangwa kwa mfuatano. Iwapo kila ukurasa una nafasi ya funguo 100, kurasa tatu zatosha kumpata mkulima mmoja kati ya milioni moja, kwani 100 mara 100 mara 100 ni 1,000,000.

Kwa sababu ya mpangilio huo, mti-B hujibu pia maswali ya kipindi: ni nani waliosajiliwa kati ya Februari 1 na Machi 15?

Faharasa ya hashi hukokotoa mahali pa rekodi kutokana na ufunguo wenyewe. Yafaa pale tu karani anapotaja nambari kamili. Swali la tarehe hadi tarehe haiwezi kulijibu. Katika PostgreSQL, ni kuanzia toleo la 10 la mwaka wa 2017 ambapo faharasa hiyo ilistahimili mfumo kuzimika ghafla.

Faharasa ya ramani ya biti, iliyomo katika Oracle, hufaa safu yenye thamani chache, mathulani aina ya zao, na data isiyobadilika mara kwa mara. Hufaa ripoti, lakini makarani wengi wakiandika kwa wakati mmoja, hucheleweshana.

Faharasa moja yaweza pia kubeba safu mbili. Ikipangwa kwa wadi kisha jina, itampata upesi mkulima wa Sergoit au Tembelio. Anayejua jina pekee haitamsaidia sana, kwa maana jina hilo limetawanyika katika kila wadi.

Kila faharasa ina gharama. Mkulima mpya anapoandikishwa, faharasa zote za jedwali hilo sharti zirekebishwe. Zikiwa kumi, usajili utajikokota siku ile ile foleni ni ndefu.

Kwa hivyo, mtaalamu na aorodheshe kwanza maswali yanayoulizwa kila siku, aanze na mti-B, kisha akague mpango wa utafutaji unaoonyeshwa na mfumo. Faharasa isiyotumika na iondolewe. Mvua haimsubiri karani.