Njia ya Upepo katika Nyumba za Mawe za Waswahili

Nyumba ya mawe ya Waswahili imesifiwa na wataalamu wengi kwa sababu ya milango yake iliyonakshiwa na kuta zake zenye zidaka. Jambo moja limepewa nafasi ndogo katika maandishi hayo, nalo ni namna hewa inavyoingia, inavyopita na inavyotoka ndani yake. Hata hivyo, jambo hilo ni mojawapo ya yale yanayoamua kama nyumba ya kale iliyokarabatiwa itadumu au itaoza.

Mfano bora ni nyumba za Lamu, ambazo nyingi kati ya zile zinazosimama hadi leo zilijengwa katika karne ya 18. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Dari hushikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazibebi mzigo kwa urefu mkubwa, upana wa chumba kwa kawaida haufiki mita 3. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, navyo hupangwa kimoja nyuma ya kingine: mgeni huanzia daka, hupita tekani, huingia kiwanda kilicho wazi juu, kisha msana, na mwishowe ndani. Madirisha ya kuelekea njiani ni machache sana, kwani heshima ya nyumba ilidai watu wa nje wasiwaone wanawake wa ndani.

Hapo palikuwa na mgongano wa mahitaji mawili. Sitara ilitaka ukuta uliozibwa. Joto la pwani lilitaka ukuta uliofunguliwa. Waashi waliumaliza mgongano huo kwa kiwanda. Mchana, hewa iliyopata joto hupanda na kutoka juu, na nafasi yake huchukuliwa na hewa ya kivulini kutoka vichochoro vyembamba. Usiku, hewa baridi hushuka kiwandani na kuingia vyumbani. Kuta nene nazo huchelewesha joto la jua lisifike ndani upesi. Pepo za kaskazi na kusi zilipovuma juu ya madari zilisaidia kazi hiyo. Basi kiwanda hakikuwa uwanja tu. Kilikuwa mfereji wa hewa wa nyumba nzima.

Ng'ambo ya bahari, katika miji ya Ghuba, tatizo hilo hilo lilitatuliwa kwa njia nyingine, yaani mnara wa upepo unaoinasa hewa juu ya paa na kuiteremsha chumbani. Huko Unguja, ambako nyumba za ghorofa ziliongezeka katika karne ya 19, madirisha makubwa ya ghorofa za juu, mabaraza na roshani vilichukua sehemu ya kazi ya kiwanda. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilizungukwa na roshani pana zilizokinga jua na kupitisha upepo wa baharini.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 20. Baada ya mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Unguja zilitaifishwa na kugawiwa jamaa kadhaa kwa pamoja. Kila jamaa ilihitaji jiko lake na mlango wake. Viambaza vikajengwa katikati ya kumbi, nyua zikaezekwa mabati, na njia ya upepo ikakatika. Hakuna haki ya kuwalaumu wakazi hao: walikuwa wakitafuta makazi, si kuhifadhi makumbusho.

Lakini madhara mengine yaliletwa na ukarabati wenyewe. Chokaa huacha unyevu wa ukuta utoke polepole; saruji huuzuia. Ukuta wa matumbawe ukipakwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani yake, na ncha za boriti zilizopachikwa ukutani huanza kuoza. Kiyoyozi nacho, kikiwekwa bila hadhari, huzidisha tatizo. Mifereji yake hudai matundu katika kuta zinazobeba uzito. Hewa ya pwani yenye unyevu ikigusa mfereji baridi hutoa matone ya maji. Dari ya bandia inayofunikwa juu ya mifereji hiyo huficha boriti, hata mchwa na uozo visionekane mpaka zimevunjika.

Juhudi za hifadhi zimekuwapo. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mpango wake mkuu ulitolewa mwaka 1994. UNESCO iliutia Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Lakini orodha peke yake haishiki ukuta: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020, jengo likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Tukio hilo laonyesha kwamba kuchelewa kutunza jengo la kale ni hatari kwa maisha ya watu.

Kwa msomaji wa Kongo, habari hizi si za mbali. Pamoja na lugha iliyofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, yalisafiri pia maneno ya nyumba. Neno baraza limekuwa barza katika Kiswahili cha Kongo, hata Kifaransa cha huku kimeliazima. Barza ya Lubumbashi au ya Bukavu ni mahali pa kupokea wageni, na pia ni kivuli kinachopoza hewa kabla haijaingia dirishani. Anayeizungushia matofali ili kupata chumba kimoja zaidi hupata chumba kweli, lakini hupoteza upepo wa vyumba vyote vilivyo nyuma yake. Kwa hiyo, kabla ya kununua mashine au kuvunja ukuta, hapana budi kuuliza kwanza ni wapi hewa ilikuwa ikipita zamani, na ni nani aliyeiziba njia hiyo, kwa haja gani.